Aliyekunywa Petroli

Manus Boyle alijaza petroli Jumatatu, na ilipofika Alhamisi sindano ya kipimo ilikuwa imelala tena kwenye alama nyekundu. Alikigonga kioo cha kipimo kwa ukucha. Sindano haikutikisika. Akashuka, akashika bomba la kituo kwa mkono uliokuwa bado unanuka samaki wa kiwandani, akasimama kuangalia namba zikipanda.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, bluu iliyochujuka, saa yake ya kilomita imekufa tangu mwaka juzi, na ndilo pekee la nyumba ile. Asubuhi lilimshusha Manus kwenye bandari ya Killybegs, siku zile chache za wiki ambazo kiwanda cha samaki bado kilikuwa na kazi ya kumpa, kisha likaendelea na mkewe, Noreen, hadi nyumba ya wazee alikokuwa mpishi. Jioni za Jumanne na Ijumaa lilichukuliwa na Condy Breslin, kaka yake Noreen, aliyekuwa akilala chumba cha nyuma tangu kazi za ujenzi zilipokufa nchi nzima na benki ikachukua nyumba yake. Condy alikuwa mlevi aliyeacha. Jioni hizo mbili alikwenda mjini Donegal kwenye mkutano wa watu kama yeye, wakanywa chai na kuambiana ukweli, akarudi.

"Umekuja tena?" Philomena alimuuliza Manus alipoingia dukani kulipa. Kituo kilikuwa chake, na habari za kijiji pia zilikuwa zake. "Siku hizi unanipenda."

"Naipenda petroli yako."

"Au shemeji yako ndiye anayeipenda?"

Manus akaweka noti juu ya kaunta. Philomena akahesabu chenji polepole, kama mtu anayengoja kuombwa.

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Ila Jumanne nilikuwa mjini kuchukua miwani yangu, nikaliona gari lako limeegeshwa ubavuni mwa baa ya Timlin. Nikasema, ah, Manus naye kapata nafasi ya kuteremsha moja. Halafu nikakumbuka uko zamu."

"Una hakika ni langu?"

"Manus, nilikuwa na miwani mipya usoni."

*

Chakula cha jioni kilikuwa viazi, kabichi na nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Noreen alipakua akiwa bado amevaa viatu vya kazini, kwa kuwa akivivua miguu ilivimba na haikuingia tena. Condy alikuwa amemenya viazi, amefua taulo, ameleta kuni. Ndivyo alivyolipa kodi. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, haraka, kama mtu anayekula kwa watu.

"Shemeji," Manus akasema, "hivi mikutano yenu inafanyika wapi?"

"Mjini. Kwenye ukumbi."

"Ukumbi upi?"

Condy akaweka uma chini. "Ule ulio nyuma ya baa ya Timlin."

"Nyuma ya baa."

"Ndiyo. Tumecheka sana sisi wenyewe, usijali. Mnaegesha hapo, mnapita mlango wa pembeni. Ungetaka tuegeshe wapi, kwenye ngazi za kanisa?"

"Nilijaza Jumatatu. Leo ni Alhamisi na tangi nimelikuta kavu. Kwenda mjini na kurudi hakumalizi tangi, Condy. Hata mara mbili."

"Unasema ninakwenda kwingine."

"Nasema petroli haina miguu."

Noreen akasimama na sufuria mkononi. "Manus, acha ale."

"Kwani nimemzuia? Nauliza tu. Mwenye nyumba haruhusiwi kuuliza?"

Neno hilo, mwenye nyumba, lilitua mezani likakaa pale katikati ya viazi. Condy alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amejenga nyumba za nusu ya watu wa pwani ile, pamoja na jiko lile lile walimokuwa wamekaa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka karibu na sahani ya Manus.

"Sijaonja tangu Novemba iliyopita," akasema. "Sikuambii ili unisifu. Nakuambia kwa sababu umeuliza."

"Lisemwalo lipo," Manus akanong'ona, si kwa Condy hasa, bali kwa kabichi yake.

Jumamosi Manus alinunua kifuniko cha tangi chenye kufuli. Alikifunga mwenyewe mbele ya nyumba, mchana kweupe, na Condy yuko dirishani akiosha vikombe. Ufunguo wake mdogo aliutia kwenye mnyororo wa saa yake.

*

Jumanne iliyofuata Condy aliondoka kwa miguu alasiri, amevaa koti la mvua la Noreen kwa sababu lake lilikuwa limechanika. Alipata lifti ya trekta, kisha ya mchuuzi wa samaki, akachelewa. Kurudi hakupata lifti hata moja, na ni umbali ambao mtu mwenye akili timamu hautembei. Ijumaa alijaribu tena, mvua ikamrudisha akiwa bado hajatoka kijijini. Wiki iliyofuata hakwenda. Viatu vyake vilikaa kando ya jiko vimejazwa magazeti, na havikukauka.

"Mpe gari," Noreen alimwambia mumewe chumbani.

"Nani kamkataza? Funguo aliziweka mwenyewe."

"Unajua ulichofanya."

"Nimefunga tangi langu, Noreen. Kila mtu anafunga mlango wake."

Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, kwa maana kulikuwa na jambo ambalo usoni lingeonekana. Wiki mbili zilikuwa zimepita Condy hajaligusa gari. Kufuli ilikuwa haijaguswa. Na petroli iliendelea kuisha vilevile. Jumatatu tangi limejaa, Alhamisi sindano chini.

Manus aliliona hilo mapema, siku ya kwanza ya wiki ya pili, akiwa peke yake kwenye maegesho ya kiwanda. Aliinama nyuma ya gari, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi. Kidole kilitoka cheusi, masizi makavu laini kama ya sufuria. Alikinusa: petroli. Akajifuta kwenye nyasi, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, akaingia kazini. Moyoni aliambiwa neno moja, gari, naye akaliambia neno hilo lingoje.

Halikuwa jambo gumu kulisema. Angeweza kulisema wakati wa chai. Lakini kila siku iliyopita ililiongezea uzito, na Manus alikuwa mtu aliyechoka: mgongo, zamu zilizokatwa, binti yao aliyehamia Perth, upande wa pili wa dunia, na kupiga simu Jumapili kuuliza kama kuna mvua. Alikuwa amepata kitu kimoja duniani cha kukikasirikia, kinakaa chumba cha nyuma, kina jina. Kukiachia kulimtaka nguvu asizokuwa nazo.

Jumapili, watu walipotoka misa, Condy hakuonekana. Alirudi saa ya chakula cha mchana. Noreen alisikia lango likigongwa na kitu kizito, akatoka akamkuta kaka yake ameishika nguzo ya lango kwa mikono miwili, anaitazama kwa makini kana kwamba anataka kuipima.

"Usikaribie, Noreen," akasema. "Nanuka."

Manus alisimama mlangoni na kitambaa cha mezani kifuani. "Mnaona?" akasema. Hapakuwa na watu wengi wa kuona. Palikuwa na mkewe tu. "Mnaona sasa?"

Condy akamwangalia kwa macho mekundu, bila hasira, na hilo ndilo Manus alilolikumbuka baadaye. "Ndiyo, shemeji," akasema. "Tunaona."

Kesho yake aliondoka na mfuko mmoja wa nguo. Binamu yao alikuwa na karavani kuukuu, nyumba ya magurudumu, karibu na ufukwe, ya kupangisha watalii kiangazi, na sasa ilikuwa vuli na watalii hakuna.

*

Gari lilimzimikia Noreen kwenye mlima wa Largy, nyuma yake basi la shule. Alilijaribu likakohoa, likatoa moshi mweusi mzito kiasi kwamba watoto wa kwenye basi walipiga kelele za shangwe. Dereva wa basi akashuka, akalisukuma pembeni pamoja naye, akasema, "Mama, hili halitaki fundi, linataka padri." Noreen akacheka kwa sababu ilibidi, halafu akakaa kwenye kiti na kulia kidogo, kisha akapiga simu kwa Eunan McHugh.

Eunan alikuwa na gereji nyuma ya kiwanja cha mpira. Si fundi wa sifa. Alikuwa fundi wa karibu. Alifungua plagi nne, akazipanga juu ya boneti: zote nyeusi tititi, zimelowa. Akanusa kijiti cha kupimia oili, akakunja pua. "Petroli imeingia mpaka kwenye oili. Hili gari linakunywa, dada. Linapewa petroli nyingi kuliko hewa, haliwezi kuiunguza yote, nyingine inatoka moshi. Umekuwa ukichoma pesa barabarani."

"Tangu lini?"

"Acha tulitibu kwanza, tarehe tutauliza baadaye."

Alibadilisha plagi na chujio la hewa. Kisha akasema kosa ni sensa ya ekzosi, ile inayonusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari kama petroli imezidi. Akaitafuta kwenye magari mabovu ya Ballyshannon, akaifunga, akalipwa. Noreen akaondoka. Kabla wiki haijaisha akarudi, moshi uleule, sindano ileile.

Eunan alivua kofia, akajikuna. "Nilikosea," akasema. "Nilianza na kile ambacho huharibika mara nyingi. Nipe chai, tuanze upya."

Hapakuwa na mwingine wa kuitengeneza chai hiyo, basi Noreen akaliweka birika mwenyewe kwenye ofisi yake ndogo iliyojaa matairi. Eunan aliiacha injini iungurume mpaka ikapata moto kabisa, rejeta haigusiki. Akachomeka nyaya za mita yake ya umeme mahali fulani karibu na bomba la maji. Akatazama. Akazichomoa, akazichomeka tena.

"Njoo uone uchawi," akasema.

Akafungua kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba. Maji ya birika badala ya kwenda kwenye chai aliyamimina kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akakitumbukiza kidude ndani, akashikilia nyaya.

"Hii kazi yake ni moja, kupima joto la maji ya injini. Ukiitia kwenye maji ya moto, namba hii ya ukinzani wa umeme inatakiwa iporomoke. Iangalie."

Noreen akaangalia. Mvuke ulipanda. Namba ilikaa palepale.

Eunan akachukua nyingine mpya kutoka kwenye boksi, akaitumbukiza kikombe kilekile. Namba zikaanza kuteremka mbio kama mtu anayeshuka ngazi.

"Umeona? Injini ikiwa baridi hupewa petroli nyingi ili iwake. Ikishapata moto, hupunguziwa. Yenu haikupunguziwa. Hiki kidude kimekufa, kinaiambia kompyuta kuwa maji ni barafu, asubuhi, mchana, jioni. Basi inamwaga tu. Haina kosa, inaambiwa uongo."

"Tangu lini, Eunan? Sasa nauliza tarehe."

"Kwa masizi haya? Toka kiangazi. Labda kabla." Akaanza kuikaza sensa mpya. "Ningeligundua mapema kama Manus angelileta aliposema."

Noreen alikuwa anamimina maji yaliyobaki kwenye vikombe. Akasimamisha mkono. "Aliposema nini?"

"Kwenye mechi ile tuliyofungwa na Ardara. Aliniuliza kama gari linaweza kula petroli lenyewe, bila mtu kuiba. Nikamwambia linaweza sana, lilete Jumatatu. Akasema atalileta."

"Mechi hiyo ilikuwa lini?"

Eunan akainua uso, akaona uso wake, akatamani angekuwa chini ya gari. "Jumamosi moja," akasema. "Sikumbuki." Lakini Noreen alikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake, Jumapili, Condy alirudi akaishika nguzo ya lango.

*

Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akavua viatu vya kazini kwa mara ya kwanza siku ile, akaikalisha miguu yake iliyovimba juu ya kiti cha Condy, akamngoja mumewe ashushwe na mwenzake wa kazi.

"Gari limepona," akamwambia. "Eunan anakusalimu. Anasema uliahidi kulipeleka."

Manus akabaki na koti nusu begani.

"Ulijua."

"Sikujua. Nilihisi."

"Ulihisi ukachunguza, au ulihisi hivi hivi?"

Akakaa. Akaona hakuna mahali pa kwenda, jiko lilikuwa dogo, Condy alilijenga dogo ili lipate joto upesi. "Nilitia kidole kwenye bomba la moshi," akasema.

"Na ukamwacha atembee kwenye mvua na koti langu la maua. Ukakaa mezani unatafuna. Jumamosi unamuuliza fundi, Jumapili unasimama mlangoni, 'mnaona, mnaona.'"

"Alikuwa amelewa, Noreen! Hilo sikulitunga. Lisemwalo—"

"Malizia," akasema. "Wewe unapenda nusu ya kwanza. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Halikuwepo, Manus. Tuliliita mpaka likaja. Na mimi pia nilimnusa. Kila aliporudi nilimkumbatia ili nimnuse, naye alijua, akasimama tu nimalize."

Noreen alifuta macho kwa kiganja, kwa kuudhika, kama mtu anayefukuza nzi.

"Kwa nini hukusema?"

Manus alilivua koti kabisa. "Ningelazimika kumwomba radhi," akasema. "Narudi na nusu mshahara toka mwaka jana, nasukumwa na vijana kule kiwandani, naitwa mzee. Nikasema, angalau humu ndani yuko mmoja ambaye sihitaji kumwomba radhi."

Noreen aliishusha miguu sakafuni. Hakuwa na nguvu ya kumchukia. Kumchukia kulihitaji mtu aliyelala vizuri. Akasukuma funguo mezani hadi mbele yake.

"Leo ni Jumanne," akasema.

*

Karavani ilikuwa imeegemea ukuta wa mawe, dirisha moja limezibwa kwa plastiki iliyopigapiga kwenye upepo. Condy alifungua mlango kabla ya kubishiwa. Alikuwa amenyoa, na amejikata kidevuni. Nyuma yake palionekana kitanda kilichotandikwa vizuri, na sufuria moja.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa." Manus alisimama kwenye majani yenye maji. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Yote yalibaki kwenye gari. "Ilikuwa sensa, shemeji. Ya joto. Injini ilidhani ni baridi siku zote. Ndiyo iliyokuwa inakunywa."

"Injini."

"Ndiyo."

"Umekuja kuniambia injini ilikuwa inakunywa." Condy akatikisa kichwa, na kicheko kidogo kibaya kikamtoka puani. "Ingekuja kwenye mkutano wetu. Tuna viti."

"Nilijua," Manus akasema. Akalisema upesi, kabla halijarudi ndani. "Kabla hujanywa. Siku nyingi kabla. Nilijua si wewe, nikanyamaza."

Upepo ukapiga plastiki. Condy aliacha kucheka. Alikishika kitasa cha mlango, na kwa muda Manus alidhani ataufunga, tena akaona kuwa angekuwa na haki.

"Siku nyingi ngapi?"

"Siku nyingi."

Condy akatazama bahari iliyokuwa kijivu huko chini, kisha akatazama viatu vyake. "Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si kifuniko. Jumapili ile nilipokuwa nakunywa, kinywaji cha kwanza, nilisikia raha. Nilisema moyoni, sasa angalau wote tunasema kitu kimoja."

Manus akanyoosha mkono wenye funguo. "Chukua gari. Tangi limejaa. Kifuniko nimekitoa."

"Sitaki funguo."

"Ni zako. Jumanne na Ijumaa, kama zamani."

"Manus, sikiliza lugha rahisi—" akaanza, kisha akaacha, akajifuta uso. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mkutano uko nyuma ya baa. Mimi nina siku tisa bila kuonja. Ukinipa gari na barabara tupu, sijui nitaingia mlango upi. Ndiyo maana sijaenda. Si mvua."

Manus alibaki na mkono hewani. Ni mara ya kwanza katika miezi yote ile mtu kumwambia ukweli bila kujitetea, naye hakujua aufanye nini. Akaurudisha mkono.

"Basi nitakupeleka," akasema. "Nitakaa nje mpaka umalize."

"Ukiegesha pale watu watakuona. Philomena ana miwani mipya."

"Wacha wanione."

"Ni saa nzima na zaidi. Mara nyingine kuna mtu analia, tunachelewa."

"Nitangoja."

Condy akaingia ndani, akazima taa, akatoka amevaa koti lake lililochanika, lililoshonwa sasa kwa uzi mweupe ovyo ovyo. Akafunga mlango wa karavani, akauvuta kuhakikisha. Akatembea mbele ya Manus mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, ikanguruma sawasawa bila moshi. Hakuna aliyeitaja.

"Sijakusamehe," Condy akasema, akiangalia mbele. "Nisikudanganye. Nimepanda gari tu."

"Najua," Manus akasema. "Funga mkanda."